Daftari la ng'ombe kuhamia kwenye simu

Ndugu yangu, umeuliza kama uhamishie kumbukumbu za ng'ombe wako 12 kwenye programu ya simu. Hamisha, ila kwanza fanya wafanyavyo wahandisi: kila hitilafu ipe alama 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, kwa wingi wa kutokea na kwa ugumu wa kuigundua, kisha zidisha alama hizo tatu; hitilafu yenye jibu kubwa ndiyo ya kuzuia kwanza. Simu ikiisha chaji utajua papo hapo, hivyo alama ya ugumu wa kuigundua ni ndogo. Kinachonitisha mimi ni tarehe ya dawa ya kiwele kuingizwa kimakosa. Hakuna anayeona, na maziwa yenye dawa yanamiminwa kwenye tangi la ushirika. Ng'ombe aliyetibiwa mfunge utepe mwekundu mguuni siku hiyohiyo, mkamuaji auone, usifunguliwe mpaka siku za kusubiri, yaani siku ambazo maziwa yake hayauzwi kwa sababu ya dawa, ziishe.