Picha ya kichwa imetoka safi, mbona mume wangu amebadilika?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mume wangu ni beki wa kati. Wiki tatu zilizopita, kwenye mechi ya ndondo, aligongana kichwa na mshambuliaji wakigombea mpira wa kona. Akazimia kidogo, akamwagiwa maji, akamaliza mechi. Kesho yake alipigwa CT scan, tukaambiwa hakuna tatizo. Sasa anasahau sahau, mwanga unamkera, na anawafokea watoto, tabia ambayo hakuwa nayo. Ndugu zake wanasema anadeka. Jumamosi anataka kucheza. Je, ndiyo ataharibikiwa akili?

JIBU: Pole sana, dada. Mumeo hadeki, anaumwa.

CT scan huonyesha fuvu lililopasuka na damu iliyovuja. Mtikisiko wa ubongo ni jeraha jingine: nyuzi za neva huvutwa, na seli huishiwa nguvu zikihangaika kurudi katika hali yake. Picha hiyo haioni hayo. Anayeyaona ni wewe unayeishi naye, kwa hiyo andika kila badiliko na tarehe yake, umpelekee daktari.

Kumaliza mechi nako si ushahidi wa uzima. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani, akaendelea kucheza karibu robo saa, na humo ndani akamuuliza mwamuzi kama kweli ile ilikuwa fainali.

Jumamosi asicheze. Pigo la pili kabla ubongo haujapona huongeza madhara, na mara chache huua. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi. Yeye amezipita, hivyo anahitaji kupimwa upya. Si lazima ajifungie gizani. Atembee, afanye mazoezi mepesi yasiyoamsha dalili, aongeze kidogo kidogo, na mpira wa kugusana usubiri ruhusa ya daktari. Pombe aache, na asiendeshe pikipiki kwa sasa.

Kichwa kikizidi kuuma, akitapika mara kwa mara, akipata degedege, upande mmoja ukilegea au akawa mgumu kuamka, mkimbize hospitali usiku huohuo. Damu huweza kujikusanya polepole kwa wiki kadhaa baada ya picha safi.

Kuhusu akili: Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza, alifariki 2002 akiwa na miaka 59, na uchunguzi wa kifo chake ulitaja miaka ya kupiga mpira kwa kichwa kuwa chanzo cha ubongo wake kuharibika. Utafiti wa Glasgow wa 2019 ulikuta wachezaji wa kulipwa wa zamani wa Scotland wakifa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine. Hao walicheza kwa miaka mingi. Kugongana mara moja hakumhukumu mumeo. Lakini beki wa kati hupiga vichwa vingi mno mazoezini, na hilo linapunguzika: tangu 2021 chama cha soka cha England kinashauri mipira ya nguvu inayopigwa kwa kichwa isizidi 10 kwa wiki mazoezini.

Yeye mwenyewe hatamwambia kocha, nawajua wachezaji. Mpigie wewe kocha kabla ya Ijumaa.