Kitabu cha Nairobi cha mwaka 1948: selotepu weka mbali

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yangu, aliyekuwa karani Nairobi, ametuachia kitabu kikubwa cha Kiingereza, *Nairobi: Master Plan for a Colonial Capital*. Kina madoa ya kahawia, ramani ya kukunjwa imechanika kwenye kunjo, na vidudu vimeanza kula jalada. Pembeni babu ameandika kwa penseli. Je, ni cha asili? Nibandike ramani kwa selotepu, nifute penseli na nikivalishe jalada jipya kabla ya kukiuza? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba. Hiyo selotepu irudishe kwenye droo kwanza.

Kitabu hicho kilichapishwa London mwaka 1948 na HMSO, idara ya uchapaji ya serikali ya Uingereza. Nairobi ilikuwa bado manispaa. Hadhi ya jiji ilikuja mwaka 1950. Waandishi wake ni Thornton White, Silberman na Anderson, wataalamu walioitwa kutoka Afrika Kusini. Ukikuta namba ya ISBN, ujue si chapa ile, maana namba hizo zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha fungua orodha ya ramani na picha, uzihesabu moja moja. Kuna watu huchomoa ramani wakazitia fremu, na bila ramani kitabu cha mipango miji ni nusu kitabu.

Kagua na mihuri. Ukiona muhuri wa ofisi au maktaba, na hakuna alama kwamba kiliondolewa kihalali, usikipeleke sokoni kabla ya kuuliza. Huenda kina mwenyewe.

Madoa yaache. Wakati ule Uingereza karatasi ilikuwa bado ya mgao, ubora wake haba, na unyevu wa Mombasa ukamalizia kazi. Dawa ya kung'arisha huondoa doa na nguvu ya karatasi pamoja.

Vidudu viue kwa baridi. Funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo matone ya maji yatajikusanya juu ya karatasi yenyewe badala ya plastiki.

Sasa ramani. Nimewahi kuletewa moja iliyobandikwa selotepu zamani. Plastiki ilikuwa imeshabanduka yenyewe, ikabaki michirizi ya rangi ya chai iliyopenya hadi upande wa pili. Siku tatu nilihangaika nayo na michirizi bado ipo. Sisi hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano: wanga kijiko kimoja, maji vijiko vitano, unakoroga motoni kama uji hadi ung'ae, unaupoza na kuuchuja. Karatasi ichane kwa mkono, usiikate kwa mkasi, ili nyuzi zake zitokeze pembeni na zishike bila kuacha ukingo mgumu. Paka gundi kidogo sana, bandika upande wa nyuma, funika kwa karatasi ya kuokea, weka uzito hadi ikauke. Kabla ya yote, gusa kona ya ramani kwa pamba yenye unyevu. Rangi ikitoka, acha, umpelekee fundi.

Jalada la zamani, hata likiwa limeliwa, lina thamani kuliko jipya. Kitengenezee boksi la kadibodi isiyo na asidi, ukiweke mbali na ukuta wa nje. Usikihifadhi ndani ya plastiki: unyevu ukizidi asilimia 65 ukungu huota.

Penseli usiiguse kabisa. Wageni watatu walichora mji, na karani mwenyeji akawajibu pembeni; mimi ningekinunua kwa ajili ya hayo tu. Piga picha kila ukurasa wenye mwandiko huo, na kama nyumbani yuko anayeweza kuusoma, kaeni pamoja mwandike anachosema kabla kitabu hakijatoka mlangoni.