Kabla ya kupaka rangi nyumba ya wazazi, anza na choo

Ikifika Novemba, familia nyingi za huku kwetu Uchagani huanza kuchangishana kwa ajili ya Desemba. Nyumba ya mama ipakwe rangi, sebuleni kuwekwe vigae vipya, geti libadilishwe. Nia ni njema kabisa, ila nawasihi wenzangu mnaotuma hela kutoka Dar, Arusha na kwingineko: kama mzee ameshaanza kushika kuta akitembea, hela ya kwanza iende chooni.

Nasema hivi kwa sababu mama yangu, hapa Kibosho, alivunjika nyonga, na tangu hapo mimi ndiye ninayekaa naye. Alianguka usiku akielekea msalani. Sijui nyumba ngapi kijijini kwetu zina hadithi kama hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni waliovuka miaka 60. Wengine wengi hawafi, ila hawasimami tena kama zamani.

Kabla hujaita fundi, kaa na mzee siku nzima na umtazame anavyotembea. Anashika wapi akinyanyuka kitandani? Mama alikuwa anajivuta kwa kushika sinki la kunawia. Sinki limeshikiliwa na skrubu mbili tu, halikuumbwa kubeba mtu, na likivunjika lile kaure linakata kama kisu. Pale mkono wa mzee unapokwenda wenyewe ndipo panapohitaji kishikio. Na muulize mwenyewe. Watoto tunapenda kupanga juu ya vichwa vyao kana kwamba hawapo.

Kishikio usinunue kile cha kutundikia taulo. Chukua bomba la chuma lisiloshika kutu, la inchi moja, ambalo kiganja kinalizunguka vizuri. Kati ya bomba na ukuta iachwe nafasi ya sentimita nne au tano, vidole vipite bila mkono mzima kuzama. Kuta zetu nyingi ni za tofali za bloku, kwa hiyo usikubali skrubu na plagi za plastiki peke yake. Fundi achimbe ukuta, aingize miguu ya bomba, ajaze zege, na pasiguswe kwa wiki nzima. Kisha mwambie alining'inie yeye mwenyewe. Akisita, ujue kazi haijaisha.

Kwa choo cha kuchuchumaa, nimeona watu wakitoboa kiti cha plastiki na kukiweka juu ya tundu. Tafadhali msifanye hivyo. Sakafu ikilowa, miguu ya plastiki inatanuka na kiti kinamwaga mtu. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kiti cha chuma chenye mikono pande zote mbili, au mwashi akajengea kikalio cha tofali kulizunguka tundu. Urefu upime kwa mzee mwenyewe: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, nyayo zikiwa zimekanyaga chini. Kwa wengi inakuja kati ya sentimita 40 na 45. Aliyeumia nyonga anahitaji kidogo zaidi, na wataalamu wa mazoezi tiba hospitalini ndio wa kukuambia kiasi gani.

Mlango wa choo ufungukie nje. Hili ni jambo dogo lakini naliweka juu ya mengine yote. Mtu akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango unaofungukia ndani, na nyie mnabaki nje mnasukuma huku mnamuumiza. Kugeuza bawaba ni kazi ya saa chache. Komeo nalo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje.

Halafu mwanga. Umeme ukikatika, mzee hatafuti tochi. Anajiendea gizani kwa mazoea. Taa ndogo za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita ziwekwe kuanzia kitandani hadi chooni, hasa kama choo kiko nje. Kuna jambo wazee hawalisemi: wengi huacha kunywa maji kuanzia jioni kwa kuogopa ile safari ya usiku. Mama alikuwa hivyo. Njia ilipokuwa na mwanga na choo kina pa kushika, alirudi kunywa chai yake ya jioni bila kushurutishwa.

Sasa ngazi. Nyumba nyingi za mlimani zimejengwa kwenye mteremko, na udongo wetu mwekundu wakati wa masika unateleza vibaya. Kwetu kuna vidato vitatu mlangoni, kila kimoja sentimita 15. Fundi wa kwanza alitaka kuvifunika kwa mteremko wa zege wa mita mbili. "Dada, hii inatosha, utamsukuma tu." Haitoshi. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo sentimita 45 zinadai mita tano na nusu hivi. Uwanja wetu haukuwa na urefu huo, tukaupitisha mteremko kando ya ukuta, ukakata kona, na kwenye kona pakawekwa sehemu tambarare ya kupumzikia. Mbele ya mlango pia pawe tambarare, mita moja na nusu hivi, ili kiti cha magurudumu kisirudi nyuma wakati mtu anahangaika na kitasa. Pembeni pajengewe kingo ili gurudumu lisichomoke. Zege likiwa bado bichi, burutia juu yake ufagio wa chelewa kukingama, lipate mikwaruzo ya kuzuia utelezi. Usiruhusu lisakafiwe likang'aa.

Kama kuna kiti cha magurudumu, pima kiti kabla ya kupanua mlango. Viti havifanani, na kiti chenyewe kinapaswa kumtosha mwenye nacho. Hapa Moshi tuna bahati: pale hospitali ya KCMC kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili. Ukiwa karibu, tafuta ushauri huko kabla ya kununua kiti cha kubahatisha.

Kwa asiyeona vizuri, chora mstari mpana mweupe au wa njano kwenye ukingo wa kila kidato. Mazulia madogo ondoa yote. Vigae vya kung'aa, samahani, ndiyo zawadi mbaya kuliko zote kwa mtu anayetembelea mkongojo na kandambili zilizolowa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inagusa majengo ya umma. Nyumbani kwa mama hakuna mkaguzi atakayekuja, mkaguzi ni wewe uliyetuma hela. Kwa hiyo usimlipe fundi zote kwa mkupuo. Bakiza sehemu, mzee atumie choo na mteremko siku kadhaa, mchana na usiku, akilalamika kishikio kiko juu mno kihamishwe, ndipo umalizie malipo.