Ukimtafuta Babu Mjerumani wa Pennsylvania, Waulize Jirani Zake

Bibi yangu wa Tanga alikuwa akituhesabia mababu saba bila kukwama, huku amekaa kibarazani anapeta mchele. Nilipoolewa Pennsylvania, Marekani, baba mkwe wangu aliwataja wanne, kisha akasema, "Huko nyuma zaidi tulikuwa Wajerumani." Nikaona watoto wangu wana haki ya kuhesabu pande zote mbili, nikaanza kumtafuta yule wa kwanza aliyeshuka melini. Kazi imenichukua miaka minne, na miwili kati ya hiyo nilikuwa nikimfuata mtu asiyekuwa wetu. Naandika kwa ajili yako uliyeoa au kuolewa huku na unataka kuanza, usije ukapotelea nilikopotelea mimi.

Ukoo wa mume wangu ni Miller. Kumtafuta Miller Pennsylvania ni kama kumuulizia Juma Kariakoo. Na jina lenyewe halikuanza hivyo. Lilikuwa Müller, kama vile Schneider alivyokuja kuwa Snyder, Schwarz akawa Black, na Zimmermann, maana yake seremala, akawa Carpenter. Karani Mwingereza aliandika alichosikia, kwa hiyo lisome jina kwa sauti kabla hujasema halimo.

Nilikosea kwenye orodha za meli. Tangu 1727 wanaume wa Kijerumani wenye miaka 16 na zaidi waliofika Philadelphia walitakiwa kuapa utii kwa mfalme wa Uingereza, na orodha za viapo hivyo zimehifadhiwa na kuchapishwa. Wanawake na watoto wengi hawamo. Humo nilimkuta Johann Georg Müller, mwaka unakaribiana na wa kwetu, nikashangilia usiku ule mpaka nikamwamsha mume wangu. Kumbe akina Johann Georg Müller walikuwa wengi. Johann ilikuwa karibu kama kitangulizi tu. Ndugu watatu wa baba mmoja wangeweza wote kuwa Johann, na jina la kuitwa nyumbani likawa lile la pili. Wetu alikuwa Georg.

Aliyenitoa gizani ni Georg mwenyewe, kwa mkono wake. Shamba lao liko kaunti ya Lebanon, nami nilikuwa nimeng'ang'ania kutafuta Lebanon. Kaunti hiyo ilizaliwa 1813. Kabla ya hapo, eneo la shamba lilikuwa Dauphin, iliyoundwa 1785, na kabla ya Dauphin lilikuwa Lancaster, ambayo nayo ilimegwa kutoka Chester 1729. Shamba halikusogea hata hatua moja, lakini karatasi zake zimelala katika miji mitatu. Wosia niliupata Lancaster. Chini kabisa ametia saini kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani: wino umefifia, M kubwa ina kitanzi kinachorudi kushoto, na juu ya u kuna vinukta viwili vilivyobonyezwa kwa nguvu. Nikafungua picha ya orodha ya meli. Yule niliyemfuata miaka miwili hakuandika kitu. Jina liliandikwa na karani, na katikati yake mwenyewe akaweka alama ya msalaba. Najua mgonjwa aliyetoka safari ndefu anaweza kushindwa kushika kalamu, lakini kuanzia siku ile sikuwa tena na sababu ya kumwita babu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ningependa mtu angeniambia mapema: acha kulikodolea macho jina la mzee wako, tazama waliosimama karibu naye. Katika miaka ya 1730 na 1740 mchungaji Mlutheri Johann Caspar Stoever alizunguka sehemu hizo akibatiza watoto, na kitabu chake kipo. Kila mtoto ameandikiwa baba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo na wasimamizi, yaani wazazi wa ubatizo. Wasimamizi ndio ufunguo. Mtu aliyefika nchi ya ugenini hakumkabidhi mtoto wake kwa mpita njia. Alimkabidhi kwa shemeji, binamu, au mtu wa kijiji chao.

Msimamizi wa mtoto wa kwanza wa Georg alikuwa na jina la ukoo la nadra, ambalo silitaji kwa kuwa wazao wake bado ni jirani zetu. Nilimkuta kwenye orodha ya kodi, mistari miwili kutoka kwa Georg. Nikamkuta kwenye ramani ya viwanja vya kwanza, mashamba yao yamepakana. Nikarudi kwenye meli nikitafuta jina lake tu, nikamwona, na mistari mitatu chini yake kuna Müller mwingine. Huyu ametia saini mwenyewe, na M yake ina kile kitanzi.

Kwa kuwa jina la msimamizi ni la nadra, kijiji chake hakikunisumbua sana: kiko Kraichgau, mashariki ya mto Rhein. Vitabu vingi vya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani viko kwenye tovuti ya Archion, ya kulipia. FamilySearch ni bure, anza na hiyo. Pembeni ya jina la msimamizi, mchungaji wa huko alikuwa ameongeza kwamba amekwenda Pennsylvania. Kurasa chache mbele nikakuta ubatizo wa Johann Georg Müller.

Safari hii sikushangilia. Wachungaji wa Kijerumani walikuwa na kawaida ya kuchora msalaba mdogo kando ya jina la mtoto aliyefariki, na wazazi waliofiwa mara nyingi walimpa anayefuata jina lilelile. Nilisoma kitabu cha mazishi mwaka baada ya mwaka hadi mwaka wa meli. Hayumo.

Mambo mengine kwa haraka. Ukikuta Müllerin, ni mwanamke wa akina Müller, usianzishe ukoo mpya. Kabla ya 1752 makoloni ya Uingereza yalianza mwaka Machi 25, kwa hiyo Februari inaweza kukuchanganya mwaka. Kama wako walikuwa Wamenno, dhehebu la Kikristo linalobatiza watu wazima, usitafute ubatizo wa watoto wachanga, hawakubatiza. Nenda kwenye ardhi na wosia. Na usiipite mahakama ya yatima. Yatima wao ni kama yatima wa sheria ya Kiislamu, aliyefiwa na baba hata kama mama yu hai, na kesi hizo zinataja watoto kwa majina.

Ukurasa wa ubatizo niliuchapa, nikampelekea baba mkwe. Aliweka kidole juu ya jina na hakukiondoa kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mama yao?"

Stoever aliandika baba tu. Katika wosia anaitwa Anna Barbara, "mke wangu mpendwa", bila jina la kwao. Mtoto wao wa pili alisimamiwa na mume na mke ambao sijawahi kuwakuta popote pengine. Wiki hii nimeanza na hao.