Mpwa wangu, kiwanja cha Pongwe kisiuzwe

Mpwa wangu, ujumbe wako kwenye grupu la ukoo nimeusoma, na majibu ya mashangazi chini yake nimeyasoma pia. Unasema umeliona jina langu mwishoni mwa filamu, kwamba watu wa VFX, yaani madoido ya filamu yanayotengenezwa kwa kompyuta, huku London wanalipwa kama wachezaji mpira, na kwamba mama yako amekubali kuuza kiwanja cha Pongwe uje kusomea kazi hii. Shangazi yako akaongeza kuwa mimi ndiye niliyemtengeneza yule simba wa kwenye sinema. Sijatengeneza simba yeyote. Nakujibu wazi, wasome na vijana wengine wanaoniandikia, maana mmeambiwa mambo matamu mno na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kiti hiki hata wiki moja.

Kuhusu jina, nitasema kidogo tu. Filamu kubwa moja inapita mikononi mwa mamia ya watu, wakati mwingine zaidi ya elfu, kwenye studio kadhaa za mabara tofauti. Kila studio inapewa nafasi ya majina kadhaa, basi, wanaobaki wanabaki. Filamu iliyonikondesha mimi jina langu halimo. Hiyo uliyoiona nilifanya shoti chache, yaani vipande vifupi vya picha.

Baridi siiongelei, umeshaisikia kwa kila aliyetangulia. Upweke vilevile. Nataka tuongee karatasi, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi na ndiyo hakuna anayewaambia.

Viza yangu ni ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na mdhamini wake ni mwajiri. Siku mwajiri akiniachisha kazi, anatakiwa aiarifu wizara yao ya mambo ya ndani ndani ya siku 10 za kazi. Kisha inakuja barua: una siku 60. Ndani ya hizo upate studio nyingine yenye leseni ya kudhamini wageni, iwe na kazi, ikutake wewe, na ilipe mshahara unaofika kima cha serikali. Ukikosa, unafungasha. Haijalishi umelipa kodi miaka mingapi wala mwanao anasoma shule gani.

Sasa liweke hilo pamoja na kazi yenyewe ilivyo. Huku watu wa madoido ya filamu hawaajiriwi kama walimu. Wanaajiriwa kwa mradi. Filamu inaanza, wanaitwa mia mbili. Filamu inakabidhiwa, wanarudishwa nyumbani. Mwenzangu mwenye uraia anavumilia: wiki tatu anashika kibarua hapa, mwezi anafanya matangazo ya biashara pale, katikati anauza kahawa. Mimi viza yangu hainiruhusu kuishi kwa kujiajiri, na misaada mingi ya serikali siruhusiwi kuigusa. Tasnia yote inaishi kwa vibarua, halafu wewe karatasi yako inakutaka uwe na ajira ya kudumu.

Umemtaja simba, basi sikiliza habari zake. Ile filamu ya Simba, The Lion King ya mwaka 2019, na ya Mufasa iliyotoka Desemba 2024, madoido yake yalitengenezwa na studio inayoitwa MPC. Watu wa ile ya kwanza walisafiri hadi Kenya kuangalia nyika, miti na wanyama, ili kompyuta ziweze kuiga mwanga wa kwetu. Majina ni ya kwetu pia: Simba, Rafiki, Pumbaa. Basi miezi miwili tu baada ya Mufasa kuingia kwenye majumba ya sinema, Februari 2025, kampuni mama yao, Technicolor, ikaanguka. London, Montreal, Bengaluru, maelfu ya watu wakaambiwa hakuna kazi. Watu wenye uwezo ambao mimi siwafikii hata nusu. Kati yao walikuwemo wenye viza kama yangu, na siku 60 zikaanza kuhesabiwa kwao wote kwa pamoja, wakigombea nafasi zilezile chache.

Wala si mara ya kwanza. Februari 2013, studio ya Rhythm & Hues ya Los Angeles iliomba kinga ya kufilisika, na siku chache baadaye kazi yake kwenye filamu ya Life of Pi, ya yule kijana na chui milia ndani ya mtumbwi, ikashinda Oscar, huku mafundi wa madoido wakiandamana nje ya ukumbi. Sababu wanazijua wote waliomo. Studio inakubali kazi kwa bei iliyofungwa, muongozaji akibadili mawazo mara ishirini gharama ni ya studio. Halafu kuna nafuu za kodi ambazo serikali zinawapa watengeneza filamu. British Columbia kule Kanada wanarudisha asilimia 16 ya mishahara ya kazi hizi, juu ya nafuu nyingine walizonazo. Quebec walikuwa wakarimu zaidi, mwaka 2024 wakabana. Uingereza nayo tangu Aprili 2025 imepandisha nafuu ya gharama za VFX hadi asilimia 39 kabla ya makato. Kazi inahama kufuata nafuu hizo kama ng'ombe wanavyofuata majani. Mwenye pasipoti ya Ulaya au Kanada anahama nayo. Wewe na mimi tumefungwa kambani pale karatasi ilipotufunga.

Na mimi yamenikuta. Mwaka 2023 waandishi na waigizaji wa Hollywood waligoma, waandishi kuanzia Mei hadi mwishoni mwa Septemba, waigizaji kuanzia Julai hadi Novemba. Kwetu njaa ilichelewa kufika, kwa sababu sisi tunaanza wao wanapomaliza kupiga picha. Wao walipokuwa wanarudi kazini wakishangilia, sisi ndio shoti zilikuwa zinaisha mezani. Studio niliyokuwepo, jina lake naliacha, ilituita idara nzima kwenye kikao cha mtandaoni. Mama mmoja akasoma karatasi. Kilichukua muda mfupi kuliko chai. Mchana huohuo kompyuta yangu ikawa haifunguki.

Zile pesa za Ramadhani iliyofuata, mliponiandikia kwamba mjomba mambo yake safi, zilitoka kwenye akiba ya kodi ya nyumba. Dawa za bibi yako hazijui mgomo wa Hollywood, wala ada ya dada yako haijui. Sikulalamika na silalamiki sasa. Nakwambia ili ujue pesa uliyoiona ilitoka wapi.

Nilipata studio nyingine barua ikiwa imebaki na siku za kuhesabika. Nilikuwa nimeshafika kompozita wa daraja la kati, mtu wa kuunganisha tabaka zote hadi picha ikae kama imepigwa mara moja. Nikapewa kazi ya roto, zamu ya usiku, kwa mshahara wa ukingo kabisa unaoruhusiwa kwa sisi wenye viza za zamani. Msimamizi wangu alikuwa kijana niliyemfundisha mimi kushika programu. Alinionea aibu kuliko nilivyojionea mwenyewe, akawa ananipa maelekezo macho yakiwa kwenye kioo.

Roto ni hivi. Mwigizaji amesimama mbele ya ukuta, wanataka nyuma yake iwe bahari. Pazia la kijani, linalorahisisha kumtenga mtu na kilicho nyuma yake, hawakuweka. Basi wewe unamkata kwa mkono: mstari kuzunguka bega, mwingine shingo, mwingine kila kidole, na nywele, Mungu wangu, nywele, kishungi kwa kishungi. Sekunde moja ya sinema ni fremu 24. Shoti ya sekunde tano ni fremu 120, na upepo ulikuwa unavuma. Ukimaliza, mstari ukitetemeka hata kidogo inarudi. Simu yako iko kabatini, kompyuta ya kazi haina intaneti, na umesaini kwamba hutamwambia mtu unafanya filamu gani. Ndiyo maana siwatumii picha za kazini. Wanaosema grupuni kwamba naringa waelewe hivyo.

Na hata roto hiyo msiione ndogo. Ndiyo ilikuwa mlango wa vijana kuingilia. Sasa sehemu kubwa inapelekwa India, na akili mnemba inaanza kumega inayobaki. Mlango umebaki mwembamba, halafu serikali imeweka kizingiti juu yake. Kima cha mshahara kwa viza hii kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka. Aprili 2024 kikawa 38,700. Julai 2025 kikawa 41,700, na kazi iwe ya ngazi ya shahada isipokuwa chache walizoziorodhesha. Anayeanza anaruhusiwa 33,400. Matangazo ya kazi za kuanzia ninayoyaona mimi mengi hayafiki hapo.

Ukija kama mwanafunzi, London wanataka uonyeshe pauni 1,529 za kujikimu kwa kila mwezi, miezi 9, zimelala benki siku 28, na ada ya chuo mbali, na ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Ukihitimu unapewa miaka 2 ya kutafuta kazi, lakini watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18. Wewe ukija mwakani unahitimu baada ya hapo. Piga hesabu mwenyewe. Kiwanja kitaishia benki kabla hujaligusa darasa.

Kwa hiyo usije.

Ila nikikwambia siipendi kazi hii nitakuwa nakudanganya. Ile siku shoti inakubalika, bahari imekaa nyuma ya yule mwigizaji, jua linampiga begani linavyotakiwa, hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo, na wewe unajua. Sijapata furaha kama hiyo kwenye jambo lingine lolote la mikono yangu. Ndiyo inayonirudisha kitini. Ukipata ufadhili kamili, ada na kujikimu, njoo hata kesho, chumba changu kina nafasi ya godoro. Ukija kwa pesa ya kiwanja sitakupokea uwanja wa ndege. Nasema kweli. Nitakupokea, lakini nitakuwa na hasira.

Kompyuta unayo. Blender, programu ya kutengeneza picha za kompyuta, ni bure, si ya majaribio, ni bure kabisa, na Machi 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilichukua Oscar mbele ya makampuni makubwa. Nuke, programu tunayotumia sisi kuunganisha tabaka za picha, ina toleo la bure la kujifunzia. Houdini nayo inalo. Jifunze kompozitingi kwanza, madude ya milipuko yaache. Kila anayeniandikia ananitumia mlipuko. Nionyeshe glasi ya maji juu ya meza ya mama yako, ambayo haipo pale mezani, na mimi nisijue.

Kwetu kazi zipo. Dar es Salaam kuna Ubongo, wanatengeneza katuni za watoto tangu siku nyingi. Nairobi ndiko zilikochorwa hadithi za Tinga Tinga zilizoonyeshwa BBC. Kampala, Wakaliga, mtu anatengeneza sinema za mapigano kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe na dunia inaziangalia. Najua utaniambia malipo ya nyumbani madogo na mteja wa harusi anakopa. Ni kweli, mimi niliondoka kwa sababu hiyohiyo, na sina haki ya kukuhubiria uzalendo nikiwa Lewisham, huku London. Lakini nyumbani ukikosa kazi mwezi mmoja hakuna anayekuandikia barua uondoke. Unakula kwa mama, unakaa unajifunza, mwezi wa pili unapata. Hicho ndicho nilichokipoteza mimi, na hukijui thamani yake kwa kuwa unacho.

Mama yako nitampigia Jumapili jioni kuhusu kiwanja, asisaini kitu na yule dalali kabla hatujaongea. Na wewe, chukua video ya sekunde tano ya meza, simu itulie, mwanga wa dirishani. Weka hiyo glasi. Nitumie faili lenyewe, si kupitia WhatsApp, maana WhatsApp inaivuruga picha. Nitakurudishia na maoni kama tunavyorudishiana huku, na kama una moyo mwepesi jiandae.