G26 haisimami peke yake

Dada, nimekuelewa: mgonjwa ana ugonjwa wa Wilson (shaba hujilimbikiza mwilini), mikono inatetemeka na shingo inajipinda, wewe ukaandika G26 (msimbo wa matatizo ya mijongeo ya mwili yanayoletwa na ugonjwa mwingine) kama utambuzi mkuu, na bima wakarudisha dai. Wana haki. Kwenye ICD-10 ya WHO, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, G26 ina kinyota (*). Maana yake inaeleza dalili tu, na lazima itanguliwe na msimbo wa ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo anza na E83.0 (toleo la Marekani linataka E83.01), kisha G26. Ukigeuza mpangilio, mfumo utalikataa tena.

Ila usiifanye G26 kuwa kapu la kila mtetemeko. Mtoto mwenye korea (mijongeo ya ghafla isiyo ya hiari) ya homa ya baridi yabisi anaenda I02: I02.0 moyo ukiwa umeguswa, I02.9 usipoguswa. Ugonjwa wa Huntington, ule wa ubongo wa kurithi, ni G10. Na hapa ndipo watu wengi wanateleza: shingo ikijipinda baada ya sindano ya haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili), hiyo ni distonia ya dawa, yaani misuli kujikaza yenyewe kwa sababu ya dawa, G24.0, pamoja na msimbo wa dawa kutoka Y40–Y59. Soma karatasi ya dawa kabla hujagusa kibodi.

Daktari akiwa ameandika "mtetemeko" tu, bila kuuhusisha na Wilson, usimuunganishie wewe. Mrudishie faili aandike chanzo na kusaini. Kubuni uhusiano ili dai lipite ni udanganyifu, na jina litakaloulizwa ukaguzi ukija ni lako.