Ekskaveta imeibiwa betri, mfuniko wa tangi umevunjwa

Pole sana ndugu. Kukuta betri hazipo na mfuniko wa tangi la dizeli umevunjwa kunauma, lakini usifunge betri mpya ukawasha: huenda maji na mchanga vimeingia tangini. Piga picha, andika namba ya chasisi, ripoti polisi na bima kabla hujagusa kitu.

Kisha fungua koki ya chini ya tangi, kinga dizeli kwenye chupa safi, iache itulie. Maji na mchanga vitashuka chini. Ukiviona, mwite fundi wa dizeli, maana vikifika kwenye pampu na nozeli vinaziua.

Jioni egesha upande wa betri ukibana mashine nyingine. Zima swichi ya kukata umeme wa betri, na uondoke na ufunguo wake: ule wa kuwashia mashine hautoshi, mara nyingi huingia mashine nyingi za mtengenezaji mmoja.